Fimbo ya Mtu Hairukwi

Aleksandria, 2 Novemba 1975

Ami yangu Dardiri,

Salamu zangu na za mama zikufikie wewe na Mama Nafisa mkiwa wazima, na miwa ikiwa imesimama vizuri. Sisi huku hatujambo. Mama magoti yanamsumbua tangu upepo wa baharini uanze, ila ulimi wake haujaugua hata siku moja. Kila asubuhi anagombana na muuza maharage chini ya dirisha letu: "Leo umetupikia maharage au umetupikia maji?" Majirani wakisikia hivyo ndiyo wanajua kumekucha.

Mwanao Bakhit ana nini? Nimemwandikia tangu majira ya joto na hajanijibu hata mstari. Mwambie kama ameoa kwa siri nitamsamehe, lakini kama ni uvivu tu, Idi nikija nitamvua kilemba mbele ya watu.

Sasa neno lililonifanya nishike kalamu. Kile kikundi chetu cha ngoma za asili, ninachokwenda jioni nikitoka kazini, kimealikwa kucheza mwakani kwenye Idi ndogo mbele ya watu wazito, na mwalimu wetu Ustadh Nabih ameamua tucheze mchezo wa fimbo wa kwetu Saidi, huko kusini. Ami, huyu bwana fimbo ameiona kwenye sinema. Amewavika vijana kanzu za kumetameta, anawaambia wagonge fimbo kwa nguvu ili watu wa viti vya nyuma wasikie. Nilicheka mpaka akaudhika. Akaniambia, "Wewe si mtu wa Saidi? Haya, njoo hapa mbele utufundishe, tuache kucheka kama fisi."

Nikaenda mbele, nikagundua sijui kitu. Najua nilichokiona utotoni kabla baba hajatuleta huku, na alichonionyesha Bakhit darini kwenu Idi kubwa iliyopita. Na nilichomwonyesha mimi! Mwambie ule mruko wangu, wa kuruka fimbo ya mwenzako na kuzunguka hewani, ndio kilele cha mchezo wetu sasa. Watu wakiuona wanasimama.

Basi naomba unifundishe kwa barua. Hatua kwa hatua, kama mtoto. Nataka iwe ya kweli, ya Najaa Sawaqi, siyo ya sinema.

Mwanao,
Khalaf


Najaa Sawaqi, 20 Desemba 1975

Mwanangu Khalaf,

Salamu za hapa nyumbani zikufikie wewe na mama yako. Magoti yake ayakande kwa mafuta ya ufuta yaliyopashwa moto, na ulimi wake auache ulivyo, ndio uliomlea baba yako akawa mtu. Hapa tuko kama Mungu alivyotaka. Miwa tumeanza kukata. Nyati wetu wa maziwa amezaa, ndama jike, mweusi tititi. Idi imepita. Mwaka huu hatukuoka biskuti. Umefanya vizuri kutokuja, njia ya treni ni mbovu.

Kujifunza fimbo kwa barua! Mtu angejifunza kuogelea kitandani kwake kwanza. Lakini umeomba, na wewe ndiye mtoto wa ndugu yangu, basi kaa chini.

Kwanza salamu. Huingii duarani kupigana, unaingia kumheshimu mtu mbele ya watu. Simama mbele yake, ishike fimbo kwa mikono miwili, iguse ardhi, kisha iguse kifua chako. Mzunguko wa kwanza usimtazame usoni, tazama miguu yake. Uso ana hiari nao, miguu hana. Zumari ikiwa inaburuta, na wewe buruta. Vijana wa siku hizi huanza kuzungusha fimbo kichwani kabla ngoma kubwa haijaingia, utadhani mama anafukuza nzi kwenye chungu. Ngoja ngoma. Ikiingia utaisikia tumboni kabla ya masikioni.

La pili, na hili ndilo lililonifanya niandike: ule mruko utoe. Fimbo ya mtu hairukwi. Mwenzako akiiteremsha fimbo yake, pita kando, zunguka, rudi nyuma, fanya utakalo, lakini juu yake usipite. Wewe uliondoka hapa mdogo, hukuona tunavyozika. Mwanamume akifa, fimbo yake hulazwa kizingitini, na wanaombeba huivuka wakitoka naye. Ndiyo mara pekee fimbo ya mwanamume kuvukwa. Ukimruka aliye hai, umemwambia mbele ya watu kwamba yeye ni maiti.

Hukujua, sikulaumu. Utoe tu.

Ami yako,
Dardiri


Aleksandria, 14 Januari 1976

Ami yangu,

Shikamoo nyingi kutoka kwetu sote. Mama anasema mafuta ya ufuta yamemsaidia goti moja, la pili bado linafikiria. Hongera kwa ndama. Idi nilinyimwa ruhusa kazini, la sivyo ningekuwa nimekuja kula biskuti zenu. Kumbe hamkuoka! Mama Nafisa ni mgonjwa?

Salamu ya fimbo nimewafundisha. Vijana wawili wameishika vizuri mno, mpaka Ustadh Nabih alinyamaza, na huyo hanyamazi hata akila. Lakini kuhusu mruko amekataa katakata. Anasema: "Ukiutoa huo kinabaki nini? Wanaume wawili wanazungukana kama wanatafuta kiatu kilichopotea!" Nikamweleza habari ya kizingiti. Akasema hapa ni jukwaani, siyo makaburini. Kusema kweli, Ami, na mimi naupenda ule mruko. Na Bakhit pia aliupenda. Muulize

19 Januari

Barua hii niliiacha hapo juu nikaenda kununua stempu. Njiani nikamkuta Qenawi, yule mtu wa Najaa aliye bawabu hapa mjini, aliyerudi kutoka huko wiki iliyopita. Nikamchekea, nikamuuliza habari za nyumbani. Akaniangalia.

"Unacheka? Khalaf, wewe unacheka?"

"Kuna nini, mzee?"

"Lahaula. Hawajakuambia? Basi mimi sijasema kitu."

"Umeshaanza, malizia."

Akamalizia. Ameniambia kwamba Bakhit alikufa Agosti, kwenye maulidi ya Sidi Awadh. Kwamba alikuwa duarani na Wahdan wa akina Zanati, wanacheza vizuri, watu wanafurahi. Wahdan akateremsha fimbo apumue, Bakhit akairuka na kuzunguka hewani. Qenawi anasema zumari ilikatika yenyewe. Wahdan alitoka, akarudi na bunduki, na risasi ilimkuta Bakhit bado anacheka.

Ami, miezi mitano namtumia salamu mtu aliye kaburini, na wewe unaniandikia habari za ndama.

Pole, Ami. Pole, Mama Nafisa. Mungu amrehemu Bakhit, ndugu yangu, awape subira.

Ule mruko nilimwonyesha mimi. Sema kama ni kweli ndio uliomuua. Nataka nilisikie kwako.

Khalaf


Najaa Sawaqi, 10 Februari 1976

Khalaf,

Salamu kwako na kwa mama yako. Sisi wazima. Ndama anakua.

Ndani ya bahasha hii utakuta kipande cha karatasi. Ni pole yako. Nimeikata kwa mkasi kutoka kwenye barua yako na ninakurudishia. Sijakasirika. Lakini kwetu pole haipokelewi wakati damu iko chini. Hatukuweka hema la matanga, hatukupika kahawa, hatukumkalisha msomaji wa Kurani mlangoni. Fimbo yake hatukuilaza kizingitini. Tulimtoa kama mtu anayetoa gunia. Anayekubali pole amesema yamekwisha, na watu hapa wananitazama mkono wangu wa kulia waone nitampokea nani. Kwa hiyo kitunze kipande hicho. Usikichane.

Afisa wa polisi alikuja, akakaa, akanywa chai. Akaniuliza nani kampiga mwanangu. Nikamwambia hatumtuhumu mtu. Akacheka kidogo, akafunga daftari. Naye ni mtu wa huku. Wahdan alijificha kwenye miwa wiki chache, sasa anapita sokoni mchana kweupe.

Sikukuambia kwa sababu ukijua unahesabiwa. Bakhit hakuwa na ndugu wa kiume. Baada yangu mimi mzee, mwanamume wa karibu ni wewe. Asiyejua haulizwi. Nilitaka ukae hapo baharini na wacheza ngoma wako, hujui. Qenawi ni bawabu, kazi yake kufungua milango, basi kafungua na huu. Sasa nakuambia kama baba yako angekuambia: hili si lako. Kaa hapo.

Kuhusu uliloniuliza, Bakhit alikuwa na akili yake na miguu yake.

Tuendelee na somo. Pigo la fimbo huonyeshwa, halitui. Unaifikisha kichwani mwa mwenzako, upana wa kiganja, unaishikilia hapo, basi. Anayejua kucheza atasema mwenyewe, "Umenipata." Hakuna mwamuzi. Asiyekiri hapewi tena fimbo, hata akiwa mwana wa mudiri.

Na ukimaliza, fimbo unampa mwingine kwa mkono wa kulia, upande wa mshiko ukiwa kwake. Hiyo ni amani. Aliyeipokea hivyo hana damu na wewe mpaka mtoke duarani, hata kama nje ipo. Babu yako aliwaingiza hivyo watu waliokuwa hawapeani hata maji, wakatoka wameshikana mikono. Wafundishe hilo kabla ya yote. Fimbo bila hilo ni kuni.

Dardiri


Aleksandria, 22 Machi 1976

Ami yangu,

Salamu. Mama yuko kitandani, na safari hii si magoti.

Juzi mhudumu wa treni alituletea kitu kirefu kimefungwa kwenye gunia la unga. Hakuna barua. Mama alikifungua jikoni, akapiga ukelele mpaka majirani wakaja. Ni fimbo ya Bakhit. Ina ile alama aliyoichonga kwa kisu, na ina doa. Najua haikutoka kwako. Ni Mama Nafisa ameituma, na sihitaji mtu anisomee ilichosema.

Mama ananiambia niitupe baharini. "Baba yako alituleta huku kwa sababu ya mambo hayohayo!" Anasema kisha analia, analia kisha ananiita mwoga kwa sauti ndogo, kisha anakana kwamba kasema. Nyumba haikaliki.

Wewe hutaki kusema, basi nitasema mimi. Darini kwenu, Idi ile, Bakhit aliniambia, "Huku hatufanyi hivyo." Nikamwambia, "Ndiyo maana huku mnabaki nyuma." Akacheka, akaniomba nimwonyeshe tena. Hayo ndiyo yaliyotokea.

Ustadh Nabih bado hataki kuutoa. Kila jioni ya mazoezi nasimama nyuma ya pazia nawatazama vijana wanaruka fimbo za wenzao, na kila mruko namwona Bakhit.

Maulidi ya Sidi Awadh yakifika nitakuja. Nitaibeba fimbo ya Bakhit, na kitu kingine ambacho Qenawi amenitafutia. Usinikataze. Mimi ndiye mwanamume wa karibu, umesema mwenyewe.

Khalaf


Najaa Sawaqi, 15 Aprili 1976

Mwanangu, kipande cha moyo wa ndugu yangu,

Salamu, na tena salamu. Mama yako mpe pole ya ugonjwa, hiyo inaruhusiwa.

Fimbo ni Mama Nafisa, umesema kweli. Haniambii neno tangu Agosti. Ananiwekea chakula na kugeuka. Mkate wa jua hauumui tena juani, ananunua dukani, yeye aliyekuwa akiwacheka wanaonunua. Analala chumbani kwa Bakhit, na kanzu aliyokufa nayo ameitundika ukutani bila kuifua. Sikuweza kumkataza. Ningemkataza kwa uso gani?

Nataka ujue yanayosemwa, usije ukadhani nakuficha. Nikiingia kwenye baraza la kahawa wananiruka, kikombe kinampita Dardiri kinakwenda kwa aliye nyuma yangu. Juzi mzee mmoja, hana meno hata mawili, aliniambia, "Dardiri, siku hizi fimbo yako ni ya kutembelea tu?" Mwingine akadakia, "Mwache, anamngoja mtoto wa ndugu yake amalize kukata viuno mjini." Nikacheka nao. Nilikunywa maji nyumbani.

Sasa nisikilize. Usije. Wakubwa wa pande zote mbili wameanza kukaa. Wahdan atabeba sanda yake mikononi, miguu mitupu, ataniletea mbele ya watu, na mimi nitachagua kumfunika nayo au kuipokea na kumsamehe. Nitaipokea. Maulidi yakifika haya yatakuwa yamekwisha, hema litawekwa, kipande chako utanitumia. Ukija wewe na hicho kitu cha Qenawi, utaharibu kila kitu, na sitakusamehe mimi wala aliye kaburini.

Kisha fikiria jambo lingine. Tangu Agosti hapa duara halijafunguliwa. Mpiga ngoma kubwa amekufa Ramadhani. Watoto wanaogopa fimbo, wanacheza mpira wa matambara. Ninayoyajua mimi hayupo mwingine ayajuaye yote, na mwanangu niliyempa yuko chini. Umebaki wewe. Utakwenda kuyaweka gerezani?

Nitakuandikia yote. Kila wiki ikibidi. Niahidi.

Dardiri


Aleksandria, 30 Mei 1976

Ami yangu,

Salamu kutoka kwetu, na leo mama kakaa dirishani, kamtukana muuza maharage, alhamdulillahi.

Nakuahidi. Kile kitu nimemrudishia Qenawi, akanitazama kama mtu aliyerudisha mahari. Sijali. Nilipoisoma habari ya sanda nililia barabarani. Mama amesali rakaa mbili papo hapo jikoni, na unga mikononi.

Barua zako zote zimefika. Ya kuzunguka, ya mkono wa kushoto, ya kucheza na mzee bila kumchosha, ya kucheza na mlevi bila kumwaibisha. Ile ya namna ya kumjibu mpiga zumari kwa mguu nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Vijana wananiita "Sheikh Fimbo". Wewe uliyekuwa ukikaa miezi miwili bila kujibu, sasa wiki moja barua mbili! Una haraka gani, Ami? Mimi nipo, mchezo upo, maulidi yakipita nitakuja tukae darini unifundishe kwa mikono yako.

Khalaf


Najaa Sawaqi, 2 Julai 1976

Mwanangu,

Salamu kwenu. Joto kali, ndama anakunywa pipa zima.

Haraka haipo. Macho ndiyo yanayopungua, nataka niandike kabla hayajazimika.

Hili ni la mwisho: namna ya kutoka duarani. Usigeuze mgongo haraka. Rudi nyuma ukimtazama mwenzako, fimbo ikiwa chini, mpaka uguse watu kwa kisigino. Hapo ndipo unageuka. Anayegeuka mapema anaonyesha alikuwa anaogopa.

Mruko umeutoa? Kila barua nakuuliza na kila barua unaniruka.

Mama yako mwambie amenilelea vizuri mtoto wa ndugu yangu.

Dardiri


Sohag, 20 Agosti 1976

Mwanangu Khalaf,

Salamu kwako na kwa mama yako. Mimi mzima. Natumia kalamu ya mlinzi, na barua hii itasomwa kabla yako, lakini anayesoma nimekwisha kumwambia yote, hana jipya atakalolipata.

Habari ya sanda ilikuwa uongo. Hakuna wakubwa waliokaa. Nilikuandikia hivyo usipande treni.

Maulidi ya mwaka huu nilifungua duara. Nilivaa kanzu nyeupe, nikaingia na fimbo mbili. Watu walijaa, hata waliokuwa wakiniruka kwa kikombe. Zumari ilikuwa bado inapasha. Nikamwita Wahdan kwa jina lake na jina la baba yake, nikamnyooshea fimbo kwa mkono wa kulia, upande wa mshiko ukiwa kwake.

Unajua maana yake, nilikufundisha. Na watu wote waliijua. Mama yake Wahdan alipiga vigelegele. Wahdan alikuja, kijana wa watu, akaipokea fimbo, akaubusu mkono wangu. Akaniambia, "Ami, sanda ninayo ndani tangu majira ya baridi. Nilikuwa naogopa tu kuileta. Kesho nitaileta."

Zumari ilikuwa haijaanza. Nilimsikia vizuri.

Nilimtazama Mama Nafisa. Alikuwa amesimama juu ya dari yetu, amevaa nyeusi tupu, na kwa mara ya kwanza mwaka mzima alikuwa ananitazama. Nikaanza kucheza. Tulicheza vizuri, Khalaf. Nakwambia kweli, alikuwa na mguu mzuri, na mzunguko wa pili nilisahau nilichokuja kufanya. Kisha akaacha kichwa wazi, niliona nafasi, nikaonyesha pigo. Akatabasamu, akasema, "Umenipata." Na mimi nikaliachia.

Miaka hamsini nimeshika fimbo, halijawahi kutua. Nilisikia lilivyolia. Sitaki kukuandikia lilivyolia.

Nimeambiwa jioni ile ile hema liliwekwa nyumbani. Kahawa ilipikwa, watu walipanga mstari mpaka kisimani. Mama Nafisa ameoka mkate. Mimi nilikuwa kwenye gari la polisi, sikupokea mkono wa mtu hata mmoja.

Duara la Najaa halitafunguliwa tena. Nani atapokea fimbo kwa mkono wa kulia baada ya mimi? Nililoliua si Wahdan peke yake. Kwa hiyo wewe fundisha kama nilivyoandika, siyo kama nilivyofanya. Fundisha na ile ya amani. Waambie ni kweli, kwa sababu ilikuwa kweli mpaka siku ile.

Sasa kile kipande nitumie.

Dardiri


Aleksandria, 4 Oktoba 1976

Ami yangu,

Salamu zikufikie huko ulipo. Mama anakusalimu. Amekufumia fulana ya sufu, anasema kuta za Sohag zina baridi. Atakayeileta ni kaka yake akipita huko.

Kipande kimo humu. Kimechakaa kwa kukaa mfukoni, lakini maandishi yanasomeka. Pole, Ami. Mungu amrehemu Bakhit. Ya Wahdan nimeiandika pia, kwenye karatasi nyingine, na sijui pa kuituma. Iko mezani.

Nilikaa na barua yako siku nyingi. Nakuchukia kidogo, na nakupenda vilevile. Ningekuja mimi, ningekosa shabaha, najijua. Ungeniacha nikose.

Tulicheza siku ya pili ya Idi. Mruko nimeutoa. Ustadh Nabih aliniambia ameniondoa kwenye kikundi. Nikamwambia aniondoe kesho, leo tuna watu. Vijana waliingia, wakagusa ardhi, wakagusa vifua, wakazungukana. Waliokaa mbele walipiga makofi ya adabu tu, hakuna aliyesimama. Tulipokuwa tunafungasha, mchukuzi mmoja wa bandarini, mzee, alinijia nyuma ya pazia.

"Nani kakufundisha kutoka duarani hivyo?"

"Ami yangu."

"Bado yupo?"

"Yupo," nikamwambia.

Ustadh Nabih hajaniondoa. Asubuhi yake alikuja na chai, akaomba nimwonyeshe tena namna ya kutoa fimbo.

Qenawi alirudi kutoka Najaa juma lililopita. Zamani tulikuwa tukikaa pamoja kwenye ngazi za jengo lake, sasa ananisimamisha mbali na kutazama nyuma yangu. Nilimuuliza akina Zanati walizika vipi. Akasema haraka haraka, jioni, bila msomaji. Afisa aliwauliza, wakasema hawamtuhumu mtu, ingawa wewe umekiri na uko ndani.

"Na hema?"

"Hawakuweka."

"Hata kahawa?"

"Mwanangu," akaniambia, "mzee yuko gerezani, mikono yao haimfikii. Hilal, mdogo wake Wahdan, alikuja kuniaga nilipokuwa napanda treni. Aliniuliza Aleksandria kubwa kiasi gani." Kisha akaingia ndani na kufunga mlango wake, yeye ambaye kazi yake kuufungua.

Mama sijamwambia. Asiyejua haulizwi.

Fimbo ya Bakhit nimeiweka pembeni mwa kitanda, nimeifuta doa. Barua zako nimewanakilisha vijana wote, kila mmoja na zake. Mazoezi tumeyafanya kila jioni badala ya mara mbili kwa wiki, na Ijumaa tangu asubuhi. Jana tulifika kwenye mkono wa kushoto, leo tunaanza kucheza na mzee bila kumchosha. Ustadh Nabih aliniuliza nina haraka gani. Nikamwambia macho yananisumbua.

Mwanao,
Khalaf